Mjukuu Aliyezaliwa na Njia Moja

Bwana asifiwe! Na yule ambaye hajaitikia aitikie sasa, maana mimi si mtu wa kurudia salamu mara tatu.

Wengi mnanijua. Mimi ni Kioko, fundi wa mawe kutoka Mwala. Kwa wageni, mimi ndiye yule mzee anayekaa karibu na mlango na hafumbi macho wakati wa maombi. Mchungaji amenipa dakika kumi. Haya nimeyaandika kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hivyo nitasoma mpaka daftari liishe, na Mchungaji atanisamehe.

Shule niliacha darasa la tatu. Sisemi kwa aibu. Nilianza kwa kuchanganya simiti ya watu, nikajifunza kupima kwa kamba, nikajifunza kusoma mto, na leo mabwawa ya mchanga niliyoyajenga yananywesha ng'ombe na watu kutoka Mwala mpaka Kalama. Nyumba yangu ya mawe nilijijengea mwenyewe. Watoto wangu walisoma. Sikuwahi kuomba mtu kitu, na niseme ukweli, hata Mungu sikuwa namwomba sana. Nilikuwa namjulisha tu nimepanga nini.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana bila hii hamtaelewa yaliyobaki. Ukitaka kujenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kukinga mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuhifadhi maji, unaingia mtoni na chuma kirefu wakati mto umekauka. Unakipigilia kwenye mchanga, unasonga hatua moja, unakipigilia tena, mpaka umevuka ng'ambo. Kila mahali kinapogonga mwamba unaandika ni futi ngapi. Ukuta lazima ukae juu ya mwamba. Usipopima, maji yatapita chini yake na kuubeba. Nilipokuwa kijana mwenye kiburi, mwenye kazi mmoja aliniuliza, "Fundi, umepima?" Nikamjibu, "Nikichimba nitaona." Ndugu zangu, mvua ya kwanza ilibeba ule ukuta pamoja na mbuzi wawili wa jirani. Watu walinicheka mwaka mzima. Tangu siku hiyo sijagusa mto bila chuma.

Hiyo weka pembeni. Tutairudia.

Mwanangu Mutua, anayefanya kazi kiwandani Athi River, alioa msichana mzuri anaitwa Mwikali. Mimi na Mwikali, tangu aingie bomani, hatukuwa tumeongea zaidi ya salamu. Ndiyo heshima ya baba mkwe na mke wa mwana, sisi Wakamba tunaiita nthoni. Mimi nimekaa mezani, yeye anasimama mlangoni anamwambia mke wangu, "Mwaitu," yaani mama, "mwambie baba chai iko tayari." Nasikia. Chai iko mbele yangu inatoa moshi. Lakini nangoja niambiwe na mke wangu, ndipo nainywa. Na nilikuwa najivunia hiyo. Nilikuwa nasema, boma langu lina adabu.

Mwikali akapata mimba. Mtoto wa kwanza wa kike wa mwanangu lazima achukue jina la mke wangu, Ndunge. Hiyo haina mjadala kwetu. Nilitenga mbuzi wa kuchinja siku ya tatu, siku ya kumpa jina. Nikafunga kamba nyekundu shingoni mwake ili asiuzwe kwa makosa.

Mtoto akazaliwa hospitalini Machakos. Msichana! Lakini mke wangu alirudi nyumbani peke yake, uso umefungwa.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yeye na mama yake wamepelekwa Nairobi na ambulensi."

"Kwa nini?"

"Ana shida ya tumbo."

"Tumbo gani?"

"Baba Mutua, ni tumbo. Tumbo ni tumbo."

Basi nikaacha kuuliza, maana nilijua ni mambo ya wanawake. Siku ya pili nikaambiwa wamemfungulia tundu tumboni ili choo kitokee pale, kwenye mfuko. Nikaelewa nusu: huyu mtoto hana mahali pa kutolea haja kubwa. Ile nusu nyingine kila mtu aliijua bomani isipokuwa mimi. Mwanangu aliijua. Mke wangu aliijua. Mwikali aliijua kuliko wote. Lakini nani atasimama mbele ya baba mkwe ataje sehemu za siri za mtoto wa kike? Hakuna. Mimi mwenyewe nililea boma ambalo haliwezi kunieleza jambo.

Siku ya tatu ikafika. Nikasema jina lingojee. Nilisema hivi, na leo nayarudia maneno yangu ili nijiaibishe: "Jina la mke wangu halitavaliwa na mtoto ambaye hajakamilika. Akitengenezwa, nitampa."

Mke wangu alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho. "Hilo jina nilipewa na nyanya yangu," akasema. "Wewe ulinikuta nalo."

"Mimi ndiye mwenye boma."

"Boma ni lako. Jina ni langu."

Nikatoka nje. Yule mbuzi mwenye kamba nyekundu akawa ananiangalia.

Ndugu zangu, mtoto akarudi nyumbani, na hakuna aliyemwita kwa jina mbele yangu. Alikuwa "kana" tu, yaani mtoto. Kana amelala. Kana analia. Ile mifuko ya tumboni ilikuwa haipatikani kila mara, kwa hivyo Mwikali alikata leso zake vipande, akawa anamfunga navyo, anafua, anaanika kwenye ua, anapaka mafuta pale ngozi ilipochubuka. Leso zote alizoletewa siku ya harusi ziliisha hivyo. Mimi nilipita pembeni ya ua nikiangalia kando, kama mtu mwenye haraka.

Na watu? Mnajua watu. Siku moja sokoni Mwala, mwenzangu mmoja tuliyewahi kugombea naye kazi alisema kwa sauti, ili nisikie, "Kioko ameziba mito ya Mungu miaka yote. Sasa Mungu amemziba mjukuu." Wakacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua: huyu mtoto atatengenezwa, na atatengenezwa haraka, na nitasimamia mwenyewe.

Kule Nairobi walikuwa wanapewa tarehe. Kila wakienda, wanaambiwa mtoto aongeze kilo kwanza, kuna vipimo vya kufanywa kabla ya upasuaji mkubwa. Nikasema hao ni wa kupoteza muda. Ukitaka kazi ifanyike, tafuta fundi. Nikauliza huku na kule, nikaelekezwa kwa mtu mmoja mwenye kliniki yake karibu na Kyumbi, ambayo siku hizi haipo. Nikamweleza kile kidogo nilichokijua: mtoto miezi mitano, hana njia ya haja kubwa, choo kinatokea tumboni. Hakuuliza swali hata moja. Alipiga meza. "Mzee wa kazi, hiyo ni kazi ya asubuhi moja! Nafungua njia, narudisha utumbo ndani, mnaenda nyumbani."

Nilimpenda. Aliongea kama mimi.

Nikarudi nikatangaza: Alhamisi tunaenda Kyumbi. Mke wangu akasema, "Madaktari wa Nairobi walisema asiguswe kabla hawajapima." Nikamwambia, "Hao wapime mpaka mtoto aolewe." Mwanangu alikuwa kazini. Mwikali alisimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema kitu. Nikafikiri amekubali.

Alhamisi asubuhi tulifika mapema, mimi, mke wangu, na Mwikali na mtoto. Yule mtu ameshavaa nguo zake za kijani, ameshaweka vifaa kwenye sinia. Ananyoosha mikono apewe mtoto. Mwikali hakumpa. Alimshusha kutoka mgongoni, akamlaza kwenye benchi mbele yangu, akapiga magoti, akanitazama usoni. Tangu aolewe hakuwahi kunitazama usoni.

"Baba, angalia," akasema.

Nikageuza uso. Ndugu zangu, niligeuza uso!

"Baba, usigeuke. Umekuja kunipasulia mtoto, basi angalia unachopasua." Akafungua leso. "Hesabu. Mtoto wa kike ana tatu. Ya mkojo, ya uzazi, ya haja kubwa. Huyu ako na moja. Moja tu! Ndani yote yameungana. Hata mkojo, hata choo, hata damu yake akiwa mkubwa, yote njia moja. Nesi wa Machakos aliona siku ile ile alipozaliwa. Sisi wote tunajua. Wewe peke yako ndiye hujui, kwa sababu tunakuogopa."

Mke wangu alianza kulia kimyakimya. Mimi niliangalia. Nikahesabu. Ilikuwa moja.

Nikamgeukia yule mtu wa kliniki. Alikuwa anaangalia pia, na nikaona kwamba hata yeye ndiyo mara ya kwanza anaangalia. Nikamwuliza, "Wewe, umepima zinaungania wapi huko ndani?"

Akacheka kidogo. Akachukua glavu. Akasema, "Mzee, usijali. Nikifungua nitaona."

Ndugu zangu! Nilisikia sauti yangu ya ujana ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. Nikauona ule ukuta ukienda na maji. Nikawaona mbuzi wa jirani. Mimi, ambaye siwezi kuweka jiwe moja mtoni bila chuma, nimemleta damu yangu akatwe bila kupimwa! Mtu asiniambie Mungu hasemi. Mungu alisema nami kwa mdomo wa mtu ambaye hakujua anasema.

Nikamnyanyua mtoto mimi mwenyewe, kwa mikono hii ya simiti. Sikuwahi kumbeba kabla ya siku hiyo. Alikuwa mwepesi, na alinishika kidole. Yule mtu akaanza, "Lakini mzee, tulikuwa tumekubaliana." Nikamwambia, "Tulikubaliana nikiwa mjinga. Sasa nimeacha." Tukatoka.

Pale nje kwenye njia panda, magari yanapita, wauzaji wa matunda wanatupungia, nilimwambia Mwikali neno la kwanza la kweli tangu aingie kwangu. Nikamwambia, "Nimekosa." Alichukua mtoto, akamfunga mgongoni, akasema, "Baba, tarehe yetu ya Nairobi ni wiki ijayo. Utakuja?"

Nikasema nitakuja.

Basi tukaenda, mimi na yeye, tukakaa kwenye korido na wamama wengi. Nesi akatoka na faili akaita, "Ndunge! Ndunge wa Mutua!" Nikageuka kumtafuta mke wangu, nikishangaa amefuata saa ngapi. Hakuna. Nikamwona Mwikali ndiye anayesimama na mtoto.

Nilibaki nimekaa. Kumbe wanawake wa boma langu walikuwa wamekubaliana, na Mwikali akampa jina siku ya tatu, kulekule hospitalini, bila mbuzi na bila mimi. Nilikuwa nimebeba ile faili tangu nyumbani mpaka nikaikabidhi mapokezi, jina limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa, na sikuwa nimelisoma. Nasoma polepole, lakini nasoma. Sikuwa nimeangalia tu. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Daktari wa upasuaji wa watoto alikuwa mwanamke, mdogo kuliko binti yangu wa mwisho. Zamani ningeuliza, mkubwa wako yuko wapi? Siku hiyo nilisema, "Daktari, mimi nimesoma darasa la tatu. Nieleze kama fundi."

Akachukua karatasi akachora. Akasema mtoto akiwa bado mdogo kabisa ndani ya tumbo la mama, njia zote huwa moja, kisha zinatengana: ya mkojo mbele, ya uzazi katikati, ya haja kubwa nyuma. Kwa huyu hazikutengana. Akaniambia ule uvimbe wa tumbo aliozaliwa nao ulikuwa ni maji yaliyojaa kwenye njia ya uzazi yakabana mirija ya figo, ndiyo maana walimwekea mpira wa kuyatoa zile siku za kwanza. Akasema, "Mzee, yule nesi aliyemwangalia vizuri akahesabu tundu ndiye aliyeokoa figo zake. Wengine wanaona hakuna njia ya haja kubwa, wanaishia hapo."

"Na kama mtu angefungua ile ya haja kubwa peke yake?"

Akaniangalia. "Kuna mtu alitaka?"

"Mimi."

Hakunisuta. Ningependa angenisuta. Alisema tu, "Angeacha zile mbili zimeungana ndani, halafu sisi tungekuja kukata juu ya makovu. Ile nafasi ya kwanza ndiyo nzuri kuliko zote. Hairudi."

Ndugu zangu, hapo nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta, nikaomba. Sikumjulisha Mungu nimepanga nini. Nilimwambia, Bwana, sijui. Mimi, Kioko, kusema sijui!

Niliporudi nikauliza, "Chuma chenu cha kupimia kiko wapi?" Akacheka. Akanionyesha mrija mwembamba wenye taa na kamera. Akasema watamlaza usingizi, wataupitisha ule mrija kwenye lile tundu moja, wapime kutoka nje mpaka pale njia zinapoungana. Halafu wataingiza dawa inayoonekana kwenye picha, kupitia lile tundu la tumboni na lile la chini, waone kila njia inapita wapi. Ikiwa ile sehemu ya pamoja ni fupi, chini ya sentimita tatu, kazi hufanyika kutokea chini. Ikiwa ndefu, ni upasuaji mzito zaidi, huenda wakafungua na tumbo, na shida za mkojo baadaye huwa nyingi. Wakampima pia uti wa mgongo na moyo, maana watoto kama hawa wakati mwingine wana shida huko. Moyo ulikuwa mzima. Mgongo mzima.

Siku ya kipimo daktari alitoka akasema, "Mbili na nusu."

Nikamwambia, "Hiyo ni mwamba wa karibu."

"Sijui mwamba, mzee, lakini ni habari njema."

Ikabaki kilo. Mimi niliyesema wapime mpaka mtoto aolewe, ndiye nilimpeleka kliniki kila wiki kumweka kwenye mizani. Nilinunua mbuzi wa maziwa kwa ajili ya mama yake, nikamwambia Mwikali mwenyewe, si kupitia mtu, "Kunywa." Watu walituona tumepanda boda boda moja, mimi, yeye na mtoto katikati, wakasema Kioko amerogwa. Waseme.

Akiwa na miezi kumi wakamchukua. Aliingia asubuhi. Mwanangu aliomba ruhusa kazini akaja, lakini hakuweza kukaa, alikuwa anazunguka hospitali nzima kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kwenye benchi tulibaki mimi na Mwikali. Baba mkwe na mke wa mwana, benchi moja! Saa zikapita. Saa nne, saa sita, saa nane. Hakuna anayetoka.

Akasema, "Baba, umekula?"

"Sijala."

"Mimi pia."

Alikuwa na chapati moja kwenye mkoba. Akaikata mara mbili. Ile nusu kubwa akanipa mimi, nikamrudishia, akanirudishia tena, nikamwambia, "Mwikali, kula, au nitamwita mama yako mkwe." Akacheka, mara ya kwanza kumsikia. Halafu akalia. Halafu tukala.

Ilipita saa tisa ndipo daktari alitoka. Barakoa iko shingoni, macho mekundu. Hakukaa. Aliinua vidole vitatu.

"Tatu," akasema. "Zote tatu ziko mahali pake."

Nilipiga kelele kumwita Mungu, "Ngai!" mpaka askari akaja mbio. Asifiwe Bwana! Mimi ambaye nilimfunga mbuzi kamba na kumnyima mtoto jina, nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali mbele ya msichana aliyenizidi kwa kila kitu, nikamshukuru yeye na nikamshukuru aliyempa mikono ile.

Sasa sitawadanganya. Kuna watu wanashuhudia hapa kana kwamba Mungu akigusa basi kazi imekwisha. Kwetu kazi ilianza. Mpira wa mkojo ulikaa wiki nyingi. Halafu ile njia mpya ya haja kubwa ilitakiwa kupanuliwa kila siku kwa vyuma laini vya hospitali, namba kwa namba, ili isijifunge. Mara mbili kwa siku. Mtoto analia, mama yake analia, na kazi hairuhusiwi kusimama. Mimi nilikaa nje ya mlango nikiimba wimbo wa wachimba mchanga kwa sauti mbaya mpaka mtoto anyamaze asikilize. Mwikali alifanya kazi ile miezi yote, hakuruka hata siku moja. Nimejenga na mafundi wengi. Sijaona fundi kama yeye.

Halafu upasuaji mwingine, wa kufunga lile tundu la tumboni. Na daktari alituambia wazi: huenda akahitaji kuoshwa tumbo kwa maji ili awe msafi shuleni, huenda akahitaji mpira mdogo wa kutoa mkojo, na akikaribia kuvunja ungo lazima waangalie njia ya uzazi tena. Tukasema sawa. Kila tarehe watakayoandika, tutafika. Mimi nikiwa hai, na nisipokuwa hai, nimeshamwambia Mutua.

Lakini nawaambia ile asubuhi! Wiki moja baada ya kutoka hospitalini, Mwikali alipiga yowe kutoka nyumbani kwake. Nikatupa mwiko wa simiti nikakimbia nikijua mambo yameharibika. Nikamkuta amesimama na nepi mkononi, anacheka na kulia. Mtoto amepata choo, kwa njia yake mwenyewe, mahali pake mwenyewe. Jirani yangu akaja mbio na panga akiuliza wezi wako wapi. Nikamwambia, "Hakuna wezi. Mjukuu wangu amekwenda choo!" Akaniangalia, akaangalia ile nepi, akasema, "Mzee, pole," akarudi kwake. Hakuelewa. Ninyi leo mnaelewa.

Siku hiyo nilienda kwa mke wangu nikamwambia sasa nataka kumpa mtoto jina. Akasema, "Ana jina."

"Najua. Nililisikia hospitalini."

"Basi unataka nini?"

"Nataka kuruhusiwa kulitaja."

Alinifanya ningoje kama vile jina lilivyongojeshwa. Halafu akasema, "Usiniombe mimi. Mwombe aliyezaa."

Nikaenda kwa Mwikali, nikasimama mlangoni mwake, pale anaposimamaga yeye, nikaomba. Akaniambia, "Baba, chai iko tayari. Ingia."

Yule mbuzi alikuwa amezeeka na ile kamba nyekundu imefifia. Nyama ilikuwa ngumu kama kiatu. Tulikula yote.

Ndugu zangu, kabla ya kusimama hapa nilimwomba Mwikali ruhusa ya kusema mambo haya. Aliniambia, sema leo, mara moja, watu wajue. Lakini asije mtu kumwuliza mtoto. Akikua, mwili ni wake, ataeleza au ataacha. Mimi leo nimeshuhudia aibu yangu, si yake. Yeye hana aibu yoyote. Na nikisikia mtu sokoni analitaja hili vibaya, anajua nyumba yangu iliko.

Wewe mama uliyejifungua, mwangalie mtoto wako, hesabu. Ukiona tundu moja, ukiona tumbo limevimba, ukiona choo kinatoka pasipo pake, usifunike na leso. Mpeleke siku hiyo hiyo. Na wewe mzee mwenzangu mwenye boma la adabu, kaa ukijua kuna jambo wanakuficha kwa sababu wanakuogopa. Leo ukifika nyumbani, mwite mke wa mwanao, umwulize, na usigeuze uso. Na mtu yeyote akikuambia nikifungua nitaona, chukua mtoto wako uondoke.

Kuna mwingine hapa hajawahi kumwambia Mungu "sijui". Mwambie leo. Mimi nilikuwa mkaidi kuliko wewe, na alinipokea.

Daftari limefika mwisho. Nilitaka kusema jambo moja la kumalizia, lakini naona kuna mtu ameshatoka kwenye kiti cha mama yake anakuja huku mbele kwa miguu yake, na amevaa viatu kinyume, cha kulia mguu wa kushoto. Mwacheni, msimshike. Mtaniruhusu nimwite, maana nilichelewa sana kumwita.

Ndunge! Ndunge wangu. Njoo kwa babu.